Simu ikilowa Kanyabayonga: usiiwashe, usiitie chaji

Kanyabayonga iko ukingoni mwa milima ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, Kongo. Anayetoka Goma kwa barabara ya taifa namba 2 huvuka uwanda wa joto wa Rwindi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kisha hupanda mteremko wa Kabasha kona baada ya kona mpaka hewa inageuka kuwa baridi. Huko juu ukungu ni wa kila siku, na mvua haipigi hodi. Hunyesha kwa nguvu zaidi kati ya Septemba na Desemba, ikarudi tena Machi hadi Mei, na hata nje ya miezi hiyo mtu wa Lubero hatoki nyumbani akiwa na hakika ya kurudi mkavu. Mstari wa ikweta wenyewe unapita kati ya Lubero na Butembo, na milima hii ya viazi, maharage na kahawa inaishi kwa mvua hiyo.

Mvua hiyo hiyo inamaliza simu za watu. Mwendesha pikipiki aliyepakia abiria wawili, mama mwenye beseni la samaki wa Vitshumbi kichwani, kijana anayesukuma chukudu (kigari cha mbao) yenye magunia ya makaa, mwalimu anayerudi nyumbani kwa miguu: kila mmoja ana simu mahali fulani mwilini. Iko katika mfuko wa shati, mfuko wa nyuma wa suruali, au imefungwa kwenye pindo la kikwembe. Mvua ikimkuta katikati ya mteremko hakuna pa kujibanza. Akifika, nguo zinachuruzika, na chini ya kioo cha simu kuna ukungu mweupe ambao asubuhi haukuwapo. Nyingine hudumbukia kwenye ndoo ya kufulia, nyingine kwenye choo cha shimo, nyingine ziwani wakati mvuvi anavuta nyavu zake Ziwa Edward.

Atakachofanya mwenye simu katika dakika chache zinazofuata ndicho kitakachoamua. Na katika dakika hizo karibu kila mtu hufanya jambo lile lile: anaiwasha aone kama bado nzima. Ikiwaka anashukuru Mungu, anaipangusa kwa kikwembe na kuipeleka kwenye kibanda cha chaji kabla giza halijaingia. Kesho yake haiwaki tena. Husemwa imekufa kwa maji. Mimi nasema simu nyingi kati ya hizo zimeuawa na umeme, na umeme huo mwenyewe aliutia kwa mkono wake wakati simu ingali mbichi.

Kwa nini jambo hili lipewe ukurasa mzima wa gazeti la Jumapili, katika nchi yenye misiba mikubwa kuliko simu? Kwa sababu huku kwetu simu haiko mbali na misiba hiyo. Usiku wa tarehe 28 Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Watu kwa maelfu walishika njia kwenda kaskazini, Lubero, Butembo na mbali zaidi, wengi wakiwa wamekwisha kukimbia mara moja au mbili kabla ya hapo kutoka vijiji vya Rutshuru. Familia zilitengana: baba akabaki upande mmoja wa mstari wa mapigano, watoto wakawa kwa shangazi upande wa pili. Kinachowaunganisha ni namba. Mama aliyelala darasani pamoja na wakimbizi wenzake, akiwa na simu ndogo ya batani yenye ufa kwenye kioo, ameshika mkononi anwani pekee ambayo watu wake wanaifahamu.

Kisha kuna pesa. Wazee wanakumbuka wakati mfanyabiashara wa Butembo alipanga foleni kwenye fonie, ile redio ya masafa ya mbali, ili ajue tu kama lori lake limefika. Kampuni ya Telecel ilileta simu za mkononi Kinshasa katika miaka ya 1980, lakini zilikuwa za wakubwa. Kifaa kimoja kiliuzwa kwa maelfu ya dola. Leo muuza mboga analipwa kwa simu. M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mwaka 2012, zikawepo pia Airtel Money na Orange Money, na Goma ilipochukuliwa mwishoni mwa Januari 2025 benki zake zikafunga milango, mzigo mzima ukaangukia kwenye laini za simu. Karo, dawa, posho ya ndugu aliyekimbia, vyote vinapita humo. Ndiyo maana mtu ambaye simu yake imelowa huingiwa na hofu, na hofu ndiyo inayomsukuma abonyeze kile kitufe.

Tuone basi kinachotokea ndani.

Maji safi kabisa, ya maabara, karibu hayapitishi umeme. Lakini maji ya namna hiyo hayamfikii mtu njiani. Tone la mvua likishuka juu ya simu linayeyusha chumvi ya jasho, vumbi la barabara na mabaki ya sabuni ya mikononi, na linapopenya kwenye tundu la chaji limekwisha kuwa kitu kinachopitisha umeme. Ndani linakuta bodi yenye njia za shaba nyembamba mno, na vipande vilivyopangwa kwa kubanana, huyu ana volti tatu, jirani yake hana hata moja, katikati yao nafasi isiyofika milimita. Betri ya lithiamu hutoa karibu volti 3.7 na ikijaa hupita 4. Kuyavunja maji yawe hidrojeni na oksijeni huanza kwenye volti 1.23 tu. Kwa hiyo betri ikiwa bado imeunganishwa, lile tone halikai kimya. Metali inayeyuka upande wa chanya, inasafiri ndani ya maji na kujijenga tena upande wa hasi kama vinyuzi, hadi njia mbili zisizotakiwa kukutana zinagusana. Hapo inapigwa shoti. Ikiwa shoti imepita kwenye kifaa kinachogawa umeme kwa bodi nzima, simu inazimika pale pale.

Hiyo ni kazi ya dakika. Kazi ya siku ni kutu. Ile rangi ya kijani ambayo fundi hukuonyesha chini ya lenzi yake ni shaba iliyoliwa. Maji yanaweza kukauka yote, simu ikawaka, ikapiga na kupokea, na huku chumvi iliyobaki ndani inaendelea kula kila unyevu wa asubuhi unapoingia. Ndiyo maana mtu hukuambia simu yake ilianguka ndani ya maji, ikapona, kisha baada ya wiki mbili spika ikanyamaza, tundu la chaji likagoma, na mwisho ikazima moja kwa moja. Haikupona. Ilikuwa inaharibika polepole.

Na kuzima simu peke yake hakutoshi, ingawa ni heri kuliko kuiacha inawaka. Simu iliyozimwa bado ina sehemu za bodi zinazopata umeme wa betri muda wote, zikisubiri kidole chako kwenye kitufe. Kinachokata mchezo ni kuitenga betri na bodi. Kwa simu ndogo za batani, Itel, Tecno au Nokia za bei nafuu ambazo ndizo nyingi mashambani, ni kazi ya ukucha: fungua kifuniko, toa betri. Nawaambia watu mara kwa mara kwamba mwenye simu ndogo ana bahati kuliko mwenye simu kubwa ya kioo iliyogandishwa kwa gundi, kwa kuwa dawa yake ya kwanza anayo mwenyewe vidoleni.

Kuna uchungu mwingine kwa mtu wa Kivu ya Kaskazini anapoiona bodi iliyoliwa na kutu. Machimbo ya Rubaya, teritwari ya Masisi, yanakadiriwa kutoa kiasi cha asilimia 15 ya tantali ya dunia, madini yanayotoka kwenye koltani na kutumika kutengeneza vijidude vya kuhifadhi umeme kwenye bodi. Bisie, huko Walikale, kuna bati, na bati ndilo linaloshikiza kila kipande cha bodi kwa lehemu. Shaba na kobalti zinatoka Katanga ya zamani. Kongo huipa dunia zaidi ya theluthi mbili za kobalti yake, na sehemu kubwa ya kobalti huishia kwenye betri. Madini yanatoka hapa kwa bei ya udongo, na kwa damu, yanarudi yakiwa simu ambayo mkulima wa Kanyabayonga huichangia kwa miezi. Kati ya hayo yote tantali ndiyo inayostahimili kutu vizuri zaidi. Shaba na bati ndizo zinazoliwa na lile tone. Simu inayotupwa kwa kosa la dakika tano ni hasara iliyolipwa mara mbili, mara ya kwanza shimoni, mara ya pili dukani.

Maji nayo hayalingani. Mvua ndiyo yenye huruma kidogo. Maji ya Ziwa Edward yana chumvi nyingi kuliko ya mto wa mlimani, kwa hiyo simu ya mvuvi huharibika upesi kuliko iliyonyeshewa shambani. Chai yenye sukari, soda na bia huacha gundi ambayo haikauki kabisa. Maji ya kufulia yana sabuni na magadi. Kilichodumbukia chooni ndicho kibaya kuliko vyote, kwa bodi kwa sababu ya chumvi za mkojo, na kwa mkono wa mwenye simu kwa sababu zinazojulikana: chukua glovu au mfuko wa plastiki kabla ya kukigusa, na umwambie fundi ukweli wa kilikotoka naye ajikinge.

Kuna klorini pia, na hili watu wa Butembo, Katwa na Beni wanalijua kwa namna yake. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulipita hapa, watu 3,470 wakaugua na 2,287 wakafa kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Kila mlango wa kanisa, soko na hospitali ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini, na ilikuwa lazima. Lakini mtu alinawa, kisha kwa mikono ile ile yenye maji akashika simu iliyokuwa inaita. Klorini hula metali. Kama siku hizi kuna haja ya kusafisha simu kwa sababu ya ugonjwa, pangusa nje yake kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo tu kwa alkoholi ya famasi, simu ikiwa imezimwa, na usinyunyizie kitu chochote moja kwa moja kwenye matundu yake.

Sasa nieleze la kufanya, polepole, kwa sababu hapa ndipo simu huokolewa.

Itoe kwenye maji haraka. Kila sekunde maji yanaingia zaidi. Ikiwa ilikuwa imeunganishwa kwenye chaji, kata umeme kwanza ukutani au kwenye jenereta, na uwe mahali pakavu, kabla ya kugusa waya. Kama imezimika yenyewe, iache hivyo hivyo. Kama bado inawaka, izime. Usipige simu ya mwisho kumwarifu ndugu yako kwamba simu imelowa; azima ya jirani. Fungua kifuniko, toa betri, toa laini, toa kadi ya kumbukumbu, vua na kava la nje maana linafuga maji. Ishike ikitazama chini upande wa tundu la chaji na uigonge taratibu kwenye kiganja ili maji yatoke. Usiitikise kwa nguvu na usiipulize kwa mdomo; pumzi inasukuma maji ndani zaidi na yenyewe ina unyevu. Pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha iweke mahali penye upepo, kivulini, ikiwa wazi, siku moja nzima au mbili. Huku kwetu juu, ambako hewa ni nzito kwa ukungu, mimi nasema mbili.

Kwa simu iliyofungwa yote, ambayo betri haitoki, izime kwa njia ya kawaida, toa laini, halafu usingoje siku mbili. Betri imo ndani na inaendelea na kazi yake. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo aifungue na kuchomoa betri. Kuna wanaoamini simu yao ya bei haiingii maji kwa kuwa ina alama ya IP67 au IP68. Alama hiyo ni ya kweli, lakini imepimwa kiwandani kwa simu mpya na maji matamu yaliyotulia: IP67 maana yake kina cha mita moja kwa dakika 30. Haikupimwa kwa simu iliyokwisha kuanguka mara nne kwenye mawe ya Kabasha, wala iliyobadilishwa kioo kibandani kwa gundi nyingine. Ufa mmoja unatosha kuifuta.

Yapo mambo mawili yanayofanywa karibu kila nyumba, nami nayapinga yote. La kwanza ni mchele. Mtu huizika simu ndani ya mchele siku tatu na kungoja muujiza. Mchele mkavu hauvuti maji yaliyojificha chini ya vibati vinavyofunika bodi. Unayapa muda wa kula shaba. Vumbi na wanga wake huingia kwenye tundu la chaji na kuganda. Mwezi Januari 2024 kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya wateja wake wasiweke simu kwenye mchele. Simu iliyopona ndani ya gunia ingepona vilevile juu ya meza, kwa sababu kilichoisaidia ni kule kuachwa bila kuwashwa. Vile vipakiti vidogo vya punje zinazovuta unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vina nguvu zaidi kuliko mchele. Anayevikusanya aviweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na simu iliyokwisha kufunguliwa. Navyo haviondoi chumvi.

La pili ni mbabula, jiko la makaa. Jioni ya baridi, makaa yanawaka, simu inawekwa kando ya moto ikauke kama nguo. Joto hulegeza gundi ya kioo, hupinda plastiki, na betri ya lithiamu ikipata moto kupita kiasi inaweza kuvimba, kutoa moshi na kuwaka. Juu ya paa la bati kwenye jua la saa saba ni vilevile. Sitaki kusikia mtoto ameungua uso kwa sababu ya simu ya dola ishirini.

Mafundi wetu

Ukitembea Butembo, meza za mafundi wa simu hazihesabiki. Ubao mmoja, mwavuli, paneli ya jua au waya kutoka kwa jirani, lenzi, pasi ya kulehemu, mashine ya upepo wa moto, multimita, na mswaki wa zamani. Vijana wengi kati yao hawakukaa darasani kujifunza kazi hiyo. Walijifunza kwa kaka, kwa simu zilizokufa, kwa video. Ninawaheshimu kwa moyo wote, kwa kuwa bila wao nusu ya simu za Lubero zingekuwa zimelala kwenye majalala.

Fundi mzuri wa simu iliyolowa hutambulika kwa anachokifanya kwanza. Haiunganishi na chaji kuona. Anaifungua, anachomoa betri, na kuitazama kwa lenzi. Ndani ya simu nyingi kubwa kuna kistika kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji, mara nyingi karibu na sehemu ya laini. Hicho humwambia ukweli hata pale mteja anaposema haikulowa. Anaondoa vibati vinavyofunika bodi, maana maji hupenda kujificha humo, kisha anaosha bodi kwa alkoholi na mswaki laini. Ndiyo, anaosha. Watu hushangaa, lakini bodi isiyo na betri haiogopi kuoshwa. Inaogopa chumvi inayobaki. Alkoholi inayofaa ni ile kali ya isopropili, ya asilimia 90 na zaidi. Ile ya asilimia 70 ya famasi ina maji mengi, na huhitaji muda mrefu zaidi wa kukausha. Pombe ya kienyeji haifai, na petroli, ambayo baadhi huitumia kwa kukosa kingine, hula plastiki na ni hatari mezani ambapo pasi ya kulehemu inawaka. Baada ya kuosha anakausha kwa upepo wa moto mdogo, anapima shoti kwa multimita, na mwisho anaijaribu kwa betri nyingine nzima. Tundu la chaji, maiki na spika ndivyo huhitaji kubadilishwa mara nyingi, na bei ya hivyo si kubwa. Ikiwa kioo na bodi vyote vimekufa, bei inasogelea ile ya simu mpya; fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla ya kuchukua pesa yako. Muulize kabla, na mkubaliane kwamba simu isiyowaka hailipiwi kama iliyowaka.

Mpelekee mapema. Simu iliyofika mezani siku ile ile na iliyofika baada ya wiki ya kulala ndani ya mchele ni kazi mbili tofauti kabisa, na mafundi hulalamika juu ya hili kuliko jambo jingine lolote. Anayekaa kijijini mbali na fundi ana sababu zaidi ya kuitoa betri na kuiacha nje mpaka siku ya soko.

Usimwachie laini yako. Nasema hivi bila kuwatuhumu mafundi. Laini ndiyo pesa yako, na namba ya siri ya pesa haimhusu mtu yeyote anayetengeneza kioo. Na hapa kuna jambo ambalo lingewaondolea wengi ile hofu ya mwanzo: pesa zako hazimo ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti ya namba yako, kwa kampuni. Simu ikidumbukia ziwani na isionekane tena, pesa hazikuzama. Chukua laini, ipanguse sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, iache ipate hewa, uitie kwenye simu yoyote ya batani ya kuazima, na salio litakuwa pale pale. Laini yenyewe ikipotea, kampuni hukutolea nyingine yenye namba ile ile ukienda na kitambulisho, ambacho kwa Wakongo wengi ni kadi ya mpiga kura. Kwa hiyo kadi ya mpiga kura isikae kwenye kava la simu. Wengi huiweka humo humo, vikapotea pamoja.

Namba za watu ni habari nyingine. Laini za kawaida huhifadhi kiasi cha namba 250, lakini simu nyingi za kioo huziweka kwenye kumbukumbu ya simu au kwenye akaunti ya intaneti ambayo mwenyewe hakumbuki neno lake la siri, kwa sababu aliyemfungulia ni kijana wa dukani. Simu ikifa, namba za ndugu zinakwenda nayo. Kwa mtu wa Kinshasa ni usumbufu. Kwa familia ya Kanyabayonga iliyotawanyika tangu Juni 2024 ni kupoteana. Shirika la Msalaba Mwekundu husaidia waliotengana na vita kutafutana na kupigiana simu, na kazi hiyo inahitaji jina na namba vya kuanzia. Kwa hiyo daftari. Namba kumi, kwa kalamu ya wino: mume au mke, watoto, kaka, dada, shemeji aliye Butembo, katekista au mchungaji, jirani anayebaki. Ukurasa huo ukunjwe ndani ya mfuko wa plastiki na ushonewe kwenye nguo au utiwe kwenye begi la kukimbilia. Mtoto mwenye umri wa kwenda shule ajue angalau namba moja kwa kichwa.

Kinga ni rahisi kuliko vyote nilivyoeleza. Mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa fundo, simu ndani, na mvua ya Kabasha inyeshe ipendavyo. Usiifunge ikiwa na unyevu ndani. Mvuvi aifunge mara mbili na kuining'iniza shingoni, isikae mfukoni. Jikoni isiwekwe juu ya chungu kinachofuka, na chooni isiingie kwenye mfuko wa nyuma. Betri iliyovimba baada ya kulowa isitobolewe wala kutupwa motoni. Irudishwe kwa fundi, aiweke kwenye kopo la bati mbali na watoto, kwa kuwa bado hatuna pahali maalumu pa kuzipeleka, na viongozi wa miji ya Butembo na Beni wangefanya vyema kuwatengea mafundi sehemu ya kuzikusanya.

Neno langu la mwisho nawapa wenye vibanda vya chaji, huko Kanyabayonga, Kirumba, Kayna na kwingineko, wanaopokea kila jioni makumi ya simu kutoka mikono iliyonyeshewa. Ninyi ndio wa mwisho kuishika simu kabla haijapigwa shoti, na mna nafasi ya kuiokoa kuliko fundi yeyote. Kabla ya kuchomeka waya, muulizeni mteja: imelowa leo? Akisema ndiyo, ipanguseni, toeni betri mbele yake, mrudishieni, na mwambieni arudi baada ya siku mbili. Mtapoteza bei ya chaji moja, na mteja atabaki na simu yake.